Ngao ya Nje na Moto wa Ndani: Uteuzi wa Vitu vya Kuundia Chombo cha Apollo

Kiswahili hakikupata taabu kubwa kukipa jina kitu kinachowachukua watu katika anga za juu. Kilitwaa neno lililokuwa likitumika pwani kwa jahazi, dau na kila kinachokwenda majini, yaani chombo, kikaliongezea neno anga, na mambo yakawa yamekwisha. Neno hilo, kama mwenzake wa Kiingereza, lina maana mbili: chombo ni kile kinachosafiri, na chombo ni kile kinachohifadhi, kama mtungi au sanduku. Mwenye kuunda chombo cha anga hukabiliwa na maana hizo mbili kwa pamoja. Hana budi kuchagua vitu vya kuundia ubavu utakaostahimili safari, na hana budi kuiangalia hali ya kilichomo ndani, nacho ni mwanadamu mwenye pumzi. Historia ya chombo cha Apollo, ambacho Wamarekani walikiunda ili kuwapeleka watu mwezini, ni historia ya mafundi walioishughulikia maana ya kwanza kwa ustadi usio na kifani, na ambao hawakuitimiza ya pili mpaka watu watatu walipokufa katika chombo kilichokuwa bado kimesimama juu ya ardhi.

Hatari ya kwanza kuwashughulisha wataalamu ilikuwa ni joto la kurudi. Kitu kinachoizunguka dunia kwa karibu huenda kwa kasi ya kilometa 8 hivi kwa sekunde, na kinachorudi kutoka mwezini huingia hewani kwa kasi ya kilometa 11 kwa sekunde. Karibu kasi yote hiyo haina budi kutupwa kabla chombo hakijagusa maji, na kasi ikitupwa hugeuka joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waundaji wa makombora walidhani kwamba umbo lifaalo ni lile la mshale, jembamba lenye ncha, maana ndilo lililozoeleka katika ndege za kasi. H. Julian Allen na Alfred J. Eggers, waliokuwa katika maabara ya Ames huko California, walionyesha kinyume chake: umbo butu ndilo lililo salama. Kitu butu husukuma mbele yake wimbi zito la hewa iliyoshindiliwa, na sehemu kubwa ya joto hubaki katika hewa hiyo na kupita kando pasipo kuugusa mwili wa chombo. Maarifa haya yalifichwa kwa muda kwa sababu za kijeshi. Matokeo yake yaonekana katika kila picha ya chombo cha Apollo, ambacho umbo lake ni mfano wa kawa la kufunikia chakula, na ambacho kilirudi duniani kikitanguliza kitako chake kipana.

Umbo lilikuwa nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ilikuwa ni kujua kitako hicho kipana kifunikwe kwa kitu gani. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoanza kazi mwaka 1958, liliipa kampuni ya McDonnell ya St. Louis kazi ya kuunda vyombo vidogo vya Mercury, kila kimoja cha mtu mmoja. Ganda la ndani liliundwa kwa titani, ambayo ni nyepesi na yenye nguvu, na juu yake yakapangwa mabamba ya mchanganyiko wa nikeli uitwao René 41, yaliyopandana mfano wa vigae ili yaweze kutanuka yapatapo moto. Kuhusu ngao ya kitakoni palikuwa na rai mbili. Rai ya kwanza ilikuwa ngao ya kunywa joto: pande nene la berili, madini mepesi yenye uwezo mkubwa wa kupokea joto na kulishika. Rai ya pili ilikuwa ngao ya kuungua: tabaka la nyuzi za kioo na utomvu wa fenoli, ambalo huwaka polepole, likageuka mkaa na mvuke, na mvuke huo ukaliondoa joto. Ya kwanza hujilinda kwa kustahimili, ya pili kwa kujitoa mhanga.

Berili ilitumika katika safari fupi za Alan Shepard na Virgil Grissom mwaka 1961, ambazo hazikuizunguka dunia. Kwa safari ndefu zaidi ingalikunywa joto kupita kiasi, kisha ingalilirudisha kwa mtu aliye nyuma yake. Kwa hiyo ngao ya kuungua ndiyo iliyoshinda, baada ya jaribio la Septemba 1959 kuonyesha kwamba sehemu ndogo tu ya unene wake ndiyo iliyoliwa na moto.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanayo sababu ya karibu ya kuikumbuka ngao hiyo. Mnamo tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, na mmoja wa mlolongo wa vituo vilivyomfuatilia na kuzungumza naye ulikuwa Unguja, huko Tunguu. Katika mzunguko wa pili ishara ilifika kwa wasimamizi wa safari kwamba ngao imelegea mahali pake, na vituo vyote vilivyokuwa njiani vikaagizwa kuiangalia kwa makini. Glenn alirudi akiwa na furushi la roketi za kupunguzia mwendo bado limefungwa juu ya ngao, kwa matumaini kwamba mikanda yake ingeishikilia, naye akaona vipande vinavyowaka vikipita dirishani. Baadaye ilijulikana kwamba ngao haikuwa imelegea hata kidogo. Swichi ndiyo iliyokuwa mbovu. Kituo cha Unguja kilifungwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Lililobaki katika kumbukumbu za wahandisi ni hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya kitu kilicho nje.

Kazi ya kuunda chombo cha Apollo ilikabidhiwa kampuni ya North American Aviation mwezi Novemba 1961. Hiki kilikuwa chombo cha watu watatu, chenye upana wa karibu mita 4 kitakoni, na kwa kweli kilikuwa vyombo viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha ndani, ambacho kazi yake ilikuwa kuishika hewa, kiliundwa kwa mabati ya alumini, na katikati ya mabati hayo pakawekwa alumini nyembamba iliyokunjwa mfano wa masega ya nyuki. Umbo la sega huupa ukuta ugumu mkubwa kwa uzito mdogo, na katika kazi hii kila ratili iliyopunguzwa ilikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa kuipeleka ratili moja mwezini na kuirudisha hugharimu ratili nyingi za fueli. Chombo cha nje kilikuwa cha masega vilevile, lakini ya feleji isiyoshika kutu, kwa sababu alumini huanza kulegea katika joto ambalo feleji bado hulistahimili.

Juu ya feleji hiyo ilikuja ngao yenyewe. Mafundi walibandika sega la nyuzi za kioo lenye vijumba zaidi ya 370,000, kisha kila kijumba kikajazwa kimoja kimoja kwa mkono, kwa bunduki maalumu iliyotema utomvu uitwao Avcoat. Baada ya hapo ngao yote ilipigwa picha za eksirei, na kijumba kilichoonekana kuwa na povu au uwazi ndani kilitobolewa kwa keekee ndogo na kujazwa upya. Ilikuwa kazi ya subira kama ya mshonaji wa kofia za viua, ambaye kiua kimoja kikikosewa humlazimu kufumua na kuanza tena. Ngao iliyopatikana kwa njia hiyo ililindwa dhidi ya joto la nyuzi 2,700 hivi za Selsiasi, na katika safari zote za Apollo haikumwangusha mtu hata mara moja.

Yafaa msomaji aushike uangalifu huo akilini wakati wa kuingia ndani ya chombo, maana humo mambo yalikwenda kwa njia nyingine.

Hewa tunayoivuta duniani ni nitrojeni kwa sehemu kubwa, na oksijeni ni kama moja ya tano tu. Warusi katika vyombo vyao vya Vostok waliichukua hewa hiyo jinsi ilivyo, kwa mgandamizo uleule wa duniani, wakakubali uzito wake na mitambo yake. Wamarekani walichagua oksijeni tupu, kwa mgandamizo wa thuluthi moja hivi ya ule wa kawaida. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Mgandamizo mdogo huruhusu ukuta mwembamba. Gesi moja huhitaji matangi na vipimo vichache kuliko gesi mbili. Fauka ya hayo, mtu anayevuta oksijeni tupu hana nitrojeni katika damu yake ya kumletea maradhi ya wazamiaji mgandamizo ukishuka ghafula. Na hata nitrojeni yenyewe ilikuwa na lawama: mwaka 1960, katika majaribio ya Mercury, rubani mmoja alizimia na kuumia vibaya baada ya nitrojeni kupenya katika vazi lake, kwa kuwa gesi hiyo humkosesha mtu fahamu pasipo yeye kuhisi. North American ilipopendekeza mchanganyiko wa gesi mbili kwa Apollo, NASA ilikataa.

Oksijeni tupu kwa mgandamizo mdogo, katika anga, si jambo la kutisha sana. Moto huko haupati nguvu kubwa, na chombo kikiwa juu chaweza kufunguliwa ili hewa yote itoke na moto ukafa. Tatizo lilikuwa ardhini. Ili kuhakikisha kwamba hewa ya nje haipenyi ndani, na ili kuujaribu ukuta kwa msukumo unaofanana na wa safari, chombo kilijazwa oksijeni tupu kwa mgandamizo uliozidi kidogo ule wa nje. Ukihesabu, oksijeni iliyokuwamo chomboni wakati wa jaribio ardhini ilizidi ile ya safarini kwa zaidi ya mara tatu, na ile ya hewa ya kawaida kwa zaidi ya mara tano. Katika hali hiyo kitu ambacho duniani huungua polepole huwaka kwa kishindo, na vitu ambavyo mtu hudhani haviwaki kamwe hushika moto. Alumini yenyewe huweza kuwaka.

Desturi hii ilikuwa imefuatwa katika Mercury na katika Gemini, safari 16 za watu kwa jumla, na hapakutokea moto. Ni vigumu kuueleza uzito wa hoja hii katika akili za wahandisi. Jambo lililofanyika mara 16 bila madhara huacha kuwa uamuzi, likawa mazoea, na mazoea hayaandikiwi hoja mpya. Hata hivyo maonyo yalikuwapo. Mwezi Februari 1965 wazamiaji wawili wa jeshi la maji la Marekani walikufa kwa moto huko Washington, katika chumba cha majaribio chenye oksijeni nyingi. Onyo jingine halikusikika, kwa kuwa lilifichwa: tarehe 23 Machi 1961 kijana Valentin Bondarenko, mmoja wa kundi la kwanza la wanaanga wa Kisovieti, alikuwa akimaliza siku za upweke katika chumba chenye oksijeni nyingi. Alijifuta mwili kwa pamba yenye spiriti, akaitupa, nayo ikaangukia jiko la umeme. Alikufa siku ile. Dunia haikuambiwa habari zake waziwazi mpaka mwaka 1986.

Sasa na vitazamwe vile vilivyokuwamo katika chombo cha Grissom, Edward White na Roger Chaffee, ambao walichaguliwa kwa safari ya kwanza ya Apollo. Humo mlikuwa na nyavu za nailoni zilizotandazwa ili vitu vidogo visianguke nyuma ya mitambo. Mlikuwa na mito ya povu la plastiki. Mlikuwa na kitambaa cha kunatia kiitwacho Velcro, zaidi ya mita 3 za mraba, kilichobandikwa kila mahali kwa sababu katika anga kitu kisichonatishwa huelea. Mlikuwa na nyaya nyingi ambazo hazikufunikwa vizuri, na mirija ya alumini iliyopitisha maji yaliyochanganywa na glaikoli, kimiminiko ambacho mabaki yake huwaka. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kilichopitia mtihani ulioipita ngao ya nje. Kila kimoja kiliingizwa na mtu mwenye haja njema ya siku hiyo: wavu ili kalamu isipotee, Velcro ili karatasi ishikwe. Mwezi Agosti 1966 wanaanga wenyewe walinung'unika juu ya wingi wa vitu vya kuwaka, na amri ikatolewa viondolewe, lakini hakuna aliyeifuatia mpaka mwisho.

Mlango nao una historia yake, na ina uchungu wa namna ya peke yake. Katika safari ya Grissom ya Julai 1961 mlango wa Mercury, uliofungwa kwa bolti 70 zenye baruti, ulifyatuka kabla ya wakati wake baada ya chombo kutua baharini. Chombo kilizama, na Grissom aliponea chupuchupu kufa maji. Kwa ajili hiyo, North American iliposhauri mlango wa Apollo ufunguke kwa nje na kwa baruti, NASA haikuridhia. Ikachaguliwa milango ya kufunguliwa kwa mkono, mmoja juu ya mwingine, na ule wa ndani ulifunguka kwa kuvutwa ndani, hata mgandamizo wa hewa ukawa ndio komeo lake. Mlango wa namna hiyo hauwezi kufunguka kwa bahati mbaya. Kuufungua kwa makusudi kulihitaji si chini ya dakika moja na nusu, na kama mgandamizo wa ndani umepanda, hakuna mtu mwenye nguvu za kuuvuta. Mtu aliyenusurika katika mlango uliofunguka upesi mno aliwekewa mlango usiofunguka.

Tarehe 27 Januari 1967, saa 7 mchana, watu hao watatu waliingia chomboni juu ya roketi huko Cape Kennedy, Florida, kwa mazoezi ya kuhesabu muda wa kuruka. Mazoezi yalikawia. Palisikika harufu kali katika hewa ya vazi la Grissom, kisha simu zikawa hazisikiki vizuri, hata Grissom akauliza kwa hasira watafikaje mwezini ikiwa hawawezi kuzungumza kati ya majengo mawili au matatu. Saa 12 na dakika 31 jioni sauti ilitoka chomboni ikisema kuna moto. Sekunde 15 baadaye mgandamizo uliupasua ukuta wa chombo. Chaffee alibaki kitini pake akishika simu, kama taratibu zilivyomtaka. White alikuwa akishughulikia mlango, kama taratibu zilivyomtaka. Mafundi wa nje walipambana na moshi kwa dakika tano hivi mpaka milango ilipofunguka. Wote watatu walikuwa wamekwisha kufa, zaidi kwa hewa ya sumu iliyotokana na moto kuliko kwa moto wenyewe.

Hapa pana jambo linalowahusu wanafunzi wa lugha kama linavyowahusu wahandisi. Majaribio ya NASA yaligawanywa makundi mawili, ya hatari na yasiyo ya hatari. Jaribio lililopewa jina la hatari liliitiwa zimamoto, madaktari na vikosi vya kuokoa, wakawekwa tayari karibu. Jaribio la tarehe 27 Januari halikupewa jina hilo, kwa kuwa roketi haikuwa na fueli ndani yake na vifaa vya baruti vilikuwa vimeondolewa nguvu. Katika msamiati wa watu wale neno hatari lilikuwa limefungamana na fueli. Palipo na fueli pana hatari. Pasipo na fueli hapana. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyeidharau kazi yake. Neno lilikuwa limefinywa na matumizi ya miaka mingi mpaka likaacha nje kile chumba kilichojaa oksijeni, na watu waliosoma orodha hawakuliona jambo ambalo orodha haikuwa na jina lake. Frank Borman, mwanaanga aliyekuwa mjumbe wa baraza la uchunguzi, alikiri mbele ya bunge la Marekani kwamba hakuna miongoni mwao aliyekuwa amelifikiria jaribio lile kuwa la hatari.

Baraza hilo, lililoongozwa na Floyd Thompson, mkuu wa kituo cha Langley, lilitoa taarifa yake mwezi Aprili 1967. Halikuipata cheche yenyewe. Lilisema kwamba yaelekea ilitoka katika nyaya zilizo chini upande wa kushoto. Lakini liliyataja masharti yaliyoufanya moto uue: chumba kilichofungwa chenye oksijeni ya mgandamizo, vitu vya kuwaka vilivyotapakaa, nyaya na mirija dhaifu, na kukosekana kwa njia ya kutoka na ya kuokolewa. Ukiyatazama utaona kwamba hakuna hata moja lihusulo ganda la nje. Siku nne tu baada ya ajali, kana kwamba ushahidi haukutosha, askari wawili wa jeshi la anga walikufa huko Texas katika chumba kingine cha oksijeni.

Marekebisho yalichukua karibu miezi 21. Mlango mpya, mmoja badala ya miwili, ulifunguka kwa nje katika sekunde chache. Mirija ya alumini ilibadilishwa kwa ya feleji katika sehemu zenye mgandamizo mkubwa, na viungo vilivyolehemewa vikapewa kinga. Nyaya zilifunikwa. Velcro ilibaki, kwa kuwa haja yake ilikuwa ya kweli, lakini kwa vipande vidogo vilivyoachana, ili moto usipate daraja la kuvukia.

Kitu kilichotafutwa kwa bidii zaidi kuliko vyote kilikuwa ni kitambaa. Nailoni ya mavazi ya wanaanga huyeyuka na kuwaka. Badala yake kilitumika kitambaa kilichoitwa Beta, kilichofumwa kwa nyuzi za kioo nyembamba mno kuliko unywele. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: kioo hutokana na mchanga, na mchanga ni kitu kilichokwisha kuungana na oksijeni, kwa hiyo hauna tena cha kuungua. Taabu ilikuwa kwamba nyuzi za kioo hukatika zikikunjwa, na vipande vyake huwasha ngozi na kuingia katika pumzi. Zikapakwa Teflon, na vazi likawezekana. Kitambaa hicho hakisifiwi sana katika vitabu, ilhali ndicho kilichotanda juu ya miili ya watu waliotembea mwezini mwaka 1969.

Hata hivyo vitu vipya peke yake havikutosha, na hili ni jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. NASA iliunda mifano ya chombo, ikaijaza vitu hivyo vipya, na kuiwasha moto kwa makusudi mara nyingi. Ikaonekana kwamba katika oksijeni tupu ya mgandamizo wa ardhini moto bado ulisambaa. Basi hewa yenyewe ikabidi ibadilishwe: chombo kikiwa ardhini kilijazwa oksijeni sehemu 60 na nitrojeni sehemu 40 katika mia, na kilipopanda nitrojeni iliachwa itoke kidogo kidogo mpaka ikabaki oksijeni tupu yenye mgandamizo mdogo. Wanaanga walivuta oksijeni tupu ndani ya mavazi yao tangu mwanzo, na hivyo maradhi ya wazamiaji yakaepukwa. Lile lililokataliwa mwanzoni kwa sababu ya uzito liliwezekana kwa mtungi wa gesi uliobaki ardhini, nao haukuongeza uzito wowote katika safari. Apollo 7 iliruka hivyo tarehe 11 Oktoba 1968.

Haifai kudhani kwamba baada ya hapo kila hatari ilipewa ngao yake. Chombo cha kutulia mwezini, kazi ya kampuni ya Grumman, kilikuwa na kuta za alumini ambazo mahali pengine unene wake haukuzidi thuluthi ya milimita; viti viliondolewa, wanaanga wakasimama, ili uzito upungue. Dhidi ya mionzi ya jua hapakuwekwa ngao maalumu yoyote. Waundaji walitegemea unene wa ganda la Apollo na ufupi wa safari, na wakabahatika: mwezi Agosti 1972 jua lilitoa tufani kali ya mionzi, na ilianguka katikati ya Apollo 16, iliyokwenda Aprili, na Apollo 17, iliyokwenda Desemba. Hakuna mtu aliyekuwa njiani.

Utomvu wa Avcoat ulirudi kazini karne hii katika chombo cha Orion. Katika jaribio la Desemba 2014 sega lilijazwa kijumba kimoja kimoja kama zamani. Kwa Artemis I, iliyoruka Novemba 2022 bila watu, kazi hiyo ya mkono iliachwa kwa kuwa ilikuwa ya polepole mno, na ngao ikaundwa kwa matofali makubwa ya Avcoat yaliyobandikwa. Chombo kilirudi salama, na joto ndani lilikuwa la kawaida, lakini ngao ilikuwa imemeguka mahali zaidi ya 100. Mwezi Desemba 2024 NASA ilitangaza sababu yake: gesi zilizozaliwa ndani ya ngao ilipopata joto hazikupata njia ya kutosha ya kutokea, zikajikusanya na kuupasua mkaa kutoka ndani. Kwa safari ya kwanza ya watu iliyofuata uliamuliwa ubadilishwe mwendo wa kurudi, na ngao yenyewe, iliyokuwa imekwisha kubandikwa, iachwe mahali pake.